Kopo la Mama Mkwe

Katika mji wa Migori hapakuwa na mwanaume aliyezijua ngozi za watoto wachanga kumshinda Boaz, na wala hakuzijua kimyakimya. Alikuwa na duka la dawa karibu na stendi, chumba kimoja chenye kaunta ya kioo na benchi la wateja, na mama yeyote aliyeingia na mtoto mgongoni alitoka na somo, awe amelitaka au hakulitaka. Boaz alikuwa na tabia ya kulichukua kopo la mafuta mkononi mwa mteja, kuligeuza nyuma, kulisogeza hadi miwani ikaribie kugonga plastiki, na kuzisoma zile herufi ndogo kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Hii iko na marashi. Marashi ya nini kwa mtoto wa wiki sita? Anaenda harusi?"

Au: "Hii ni ya kung'arisha. Mtoto ni sufuria?"

Au, mara chache, kwa sauti ya upole: "Hii ni sawa. Haina harufu, haina rangi, haina maneno mingi. Beba hii."

Akina mama walicheka, wengine wakanuna, lakini wote walirudi. Walimwita daktari, ingawa alikuwa mfamasia tu, na alishachoka kuwarekebisha. Sasa mtu huyo huyo, asiyeogopa mteja wala mke wa chifu, alikuwa na kopo moja nyumbani kwake ambalo hakuthubutu kulisemea neno. Lilikuwa limetoka kwa mama mkwe.

Asiyeoa kwa Wajaluo huenda asielewe shida iko wapi, kwa hivyo tuelezane kidogo. Mama mkwe, yaani maro, si mtu wa kuzoeana naye. Humpi mkono ovyo, huketi naye benchi moja, humkodolei macho, na habari za kumkosoa hata usizitaje. Yeye naye amefungwa kwa upande wake: halali nyumbani kwa mkwewe hata mvua inyeshe ya mawe. Ndiyo maana Mellen, mama wa mkewe Terry, alipotoka Rangwe kuja Migori kulea mjukuu, alifikia kwa dada yake Milka mtaani Oruba, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Alikuja asubuhi na kuondoka kabla Boaz hajarudi kutoka kazini. Na kila alipobisha mlango wa mbele, Boaz alikuwa anachomoka kwa mlango wa nyuma, viatu mkononi, chai nusu kikombe. Wote wawili walikuwa hodari sana kwa mchezo huo, na heshima ilikuwa imejaa tele.

Mpango ulikuwa hivi. Terry, mke wa Boaz, alikuwa mwalimu, na likizo yake ya uzazi ilikuwa inaisha. Jumatatu iliyofuata angerudi darasani, na mtoto wao Edith, mwenye miezi mitatu na mashavu ya miezi sita, angebaki mikononi mwa nyanya yake kutwa nzima. Wiki hiyo moja ilikuwa ya kuzoeana.

"Wiki hii wewe osha mtoto, mimi natazama," Mellen alimwambia binti yake siku alipowasili. "Jumatatu mikono inakuwa yangu."

Kisha akafungua mkoba, akatoa kuku mzima aliyefungwa miguu, na baada ya kuku akatoa kopo. Lilikuwa kopo la zamani la siagi, la manjano, kifuniko kimefungwa kwa mpira. Alimkabidhi Terry kwa mikono miwili.

"Mafuta ya mtoto wangu. Nimeyapika mwenyewe. Jioni ukimaliza kumwosha, vidole viwili kifuani, viwili mgongoni, na kidogo kwa utosi. Huyu hataona kikohozi."

Boaz alikuwa amekuja kula chakula cha mchana na sasa alikuwa amenaswa chumbani, nyuma ya pazia, akisubiri mama mkwe aende uani ili atoroke. Terry alipofungua kopo, harufu ilimfikia pale pale alipojificha. Haikuhitaji herufi ndogo. Ilikuwa kafuri, na nyuma ya kafuri ilikuwa mentholi, ile inayopoza pua mpaka machozi yatoke, na chini yake samli.

Si kwamba alichukia mafuta ya kienyeji, la. Samli ingekuwa samli tu, angenyamaza na kushukuru. Lakini kafuri hupenya ngozi, na ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba na mwili wenyewe ni mdogo, kwa hivyo kile ambacho kwa mtu mzima ni joto la magoti, kwa mtoto kinaweza kuwa degedege. Mentholi nayo inaweza kumkaba pumzi. Hayo Boaz alikuwa akiwaambia akina mama wa Migori kila siku ya Mungu. Akaketi kitandani nyuma ya pazia, akahisi woga ambao hakuwahi kuuhisi tangu Terry alipokuwa leba.

Usiku huo hawakupaka. Boaz alieleza, Terry akasikiliza, akiwa amempakata mtoto.

"Lakini mimi nilipakwa hiyo," Terry alisema. "Sisi wote nyumbani. Na niko hapa nasahihisha vitabu."

"Ulipakwa hiyo hiyo? Na hii harufu?"

Terry akafikiri. "Harufu siwezi kumbuka. Nilikuwa mtoto, Boaz."

"Basi mwambie mama hatutapaka."

"Nimwambie mimi? Mwaka jana nilimwambia chumvi imezidi kwa omena. Ulikuwa hapa. Alikaa wiki tatu hajashika simu yangu." Terry alimtazama mumewe kwa jicho la mwalimu wa zamu. "Mwambie wewe. Si wewe ndio daktari?"

"Mimi? Maro wangu?"

"Ndiyo hivyo."

Wakakubaliana wasitumie mafuta yale hata tone, na waendelee kutafuta maneno ya kusema. Kopo likawekwa kwenye rafu ya juu bafuni, kifuniko kimekazwa. Walikuwa na siku sita. Zilionekana nyingi.

Siku iliyofuata Mellen alimbeba mjukuu, akamvuta kichwa puani kama mtu anayechagua nanasi. Kisha akasema, "Huyu mtoto hanuki."

"Tulipaka jana jioni, mama," Terry alisema haraka mno. "Inakuwa imeisha harufu."

"Mafuta yangu haiishi harufu." Akaenda bafuni, akafungua kopo, akalitazama ndani kwa muda. Mafuta yalikuwa yamejaa mpaka ukingoni, laini, bila alama ya kidole.

Terry alimpigia Boaz simu dukani huku akinong'ona. Jioni walifanya kikao. Ilibidi kopo lipungue, na ilibidi nyumba inuke. Kumwaga mafuta hakungesaidia, kwani yangepungua bila kunuka. Terry hangeweza kujipaka kwa kuwa ananyonyesha. Boaz alitazama kushoto, akatazama kulia, na hakukuwa na mtu mwingine pale ndani.

Ndivyo ilivyotokea kwamba Jumatano asubuhi, kabla jua halijachomoza vizuri, mfamasia mmoja mwenye heshima zake alisimama uani, kifua wazi, akijipaka mafuta ya mtoto vidole viwili kifuani na viwili shingoni. Alipofika kwenye utosi alisita, lakini upara ulikuwa umeanza kumnyemelea na pale palikuwa na nafasi, akapaka. Halafu akakumbuka jambo ambalo hakuwa amelifikiria. Akiwa na mafuta yale mwilini hangeweza kumgusa mtoto. Yangehamia.

Hilo ndilo lililomuuma. Boaz alikuwa na saa yake na Edith, kila jioni baada ya kazi, mtoto amelala kifuani pake, tumbo kwa tumbo, akimtemea mate kwenye shati. Jumatano hiyo alirudi, akaoga kwa sabuni ya kipande mara mbili, na bado alinuka. Akaketi mlangoni, Edith yuko kwenye paja la mama yake upande wa pili wa chumba, wakatazamana. Mtoto alinyoosha mikono. Boaz akatoka nje akajifanya anaangalia tangi la maji.

Dukani nako hakukuwa na amani. Jirani yake alikuwa Nasteha, binti wa mzee Abdirashid, aliyesimamia duka la nguo la baba yake hapo kando na ambaye kila siku alikuja na chupa ya chai ya tangawizi na habari za mji. Jumatano aliingia, akanusa, akaiweka chupa chini taratibu.

"Inna lillahi. Boaz, nani amefariki?"

"Hakuna mtu amefariki."

"Usinifiche. Hiyo ni kafuri. Sisi hiyo tunaweka kwa maji ya kuosha maiti, ile ya mwisho." Alimzunguka, akamnusa bega. "Na inatoka kwako!"

Ikabidi amweleze. Nasteha alicheka mpaka akajishika kwenye kaunta, akatoka nje akacheka kwa upande wa barabara, akarudi akacheka upya. Alipomaliza alifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Sasa Jumatatu ikifika?"

"Jumatatu itafika nikiwa nimeshapata njia."

Njia aliyoifikiria ilikuwa mjomba Zablon wa Karungu, kando ya ziwa, aliyekuwa mshenga wa ndoa yao. Kwa desturi, neno zito la kwenda ukweni hupitia kwa mshenga. Boaz alimpigia Alhamisi. Zablon alisikiliza hadi mwisho, akakohoa.

"Unataka mimi nitoke hapa nikamwambie Mellen wa Rangwe mafuta yake ni mbaya?"

"Ndiyo, mjomba."

"Kijana, wakati wa mahari huyo mama alinikalisha kwa kiti ya mguu tatu kutoka asubuhi mpaka saa kumi. Samaki nitakuletea. Hiyo ingine, pambana."

Wakati huohuo hila ilikuwa inafaulu kupita kiasi. Kopo lilipungua, nyumba ilinuka kiasi kwamba Mellen hakuona haja ya kumnusa mtoto tena, naye akachangamka. Alimsifu Terry. Alisema anaona mtoto ameanza kunawiri. Ijumaa alikuja na furaha nyingine mkobani: kopo la pili.

"Naona mnatumia vizuri," alisema. "Msiogope, iko ingine."

Terry alipompa Boaz habari hizo jioni, Boaz aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa uani. Kesho ilikuwa Jumamosi. Jumatatu Terry angekuwa darasani, na mikono ya Mellen, ile mikono yenye mapenzi yasiyo na mfano, ingezamisha vidole viwili koponi na kumpaka Edith kifuani. Nani angemzuia? Boaz aliwaza kuiba makopo yote mawili. Aliwaza kusema paka amemwaga. Hawakuwa na paka.

Jumamosi mambo yaliharibika. Boaz alikuwa amemaliza kujipaka uani na alikuwa anapita koridoni kwenda kutafuta shati, mlango wa mbele ukafunguka bila kubishwa. Mellen alikuwa ameamka mapema. Wakakutana uso kwa uso katika korido ambayo mtu mmoja akipita na beseni mwingine lazima arudi nyuma: yeye na mkoba wake, Boaz kifua wazi, anang'aa kutoka utosini hadi kwenye kitovu.

Wote wawili waligeuza nyuso ukutani mara moja, kama desturi inavyotaka. Boaz alipita ubavu ubavu, amebana pumzi, akaingia chumbani. Aliposikia mama mkwe anaenda kwa mtoto, alitega sikio. Akasikia pumzi ndefu ya mtu anayemnusa mtoto kichwani. Mellen hakusema chochote, hata kwa Terry, na hicho ndicho kilichomfanya Boaz aende kazini bila kifungua kinywa.

Saa sita kasoro, Boaz akiwa na wateja wawili kwenye kaunta, Mellen aliingia dukani.

Alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani, cha zambarau, na mkoba ameukumbatia. Hakusalimu. Aliketi mwisho wa benchi, akaitazama kalenda ya ukutani, akangoja zamu yake. Boaz alimpa mteja wa kwanza dawa ya minyoo badala ya dawa ya kikohozi, akamkimbilia mlangoni akaichukua tena, akampa ya kikohozi. Mteja wa pili alimhesabia chenji mara tatu. Wakabaki wawili, na yeye akageukia rafu ya nyuma kwa heshima, akaanza kupanga chupa zilizokuwa zimepangwa. Hapo ndipo Nasteha alipoingia na chai.

"Mwanangu," Mellen akamwambia Nasteha, "wewe unajua huyu daktari?"

"Namjua sana, mama. Hata harufu yake naijua."

"Basi nisaidie. Mimi na yeye hatuongei hivi hivi. Mwambie niko na swali."

Nasteha alipima kwa macho. Kutoka kwa mama hadi kwa Boaz hapakuwa na zaidi ya hatua mbili. Akaielewa hali yote kwa mara moja, na macho yake yakawaka. Akaiweka chupa ya chai, akajipanga katikati.

"Daktari, mama anasema ako na swali."

"Mwambie aulize," Boaz aliziambia chupa za dawa.

"Mwambie," akasema Mellen, "kuna mtu mzima, ako na bibi, ako na mtoto, ndevu yote imeota. Anajipaka mafuta ya mtoto kutoka kichwa mpaka tumbo. Huo ni ugonjwa gani?"

"Daktari," Nasteha akasema kwa huzuni ya kuigiza, "kuna mzee mmoja, maskini, ndevu mpaka hapa, anajipaka mafuta ya mtoto mchanga. Mama anauliza kama atapona."

Boaz alifumba macho. Alikuwa na majibu mengi ya uongo, na yote yalikuwa yananuka kafuri.

"Mwambie si ugonjwa," alisema. "Ni woga."

"Woga wa nini?" Mellen akauliza moja kwa moja, kisha akakumbuka, akamgeukia Nasteha. "Muulize, woga wa nini."

Hakungoja jibu. Alifungua mkoba akatoa kopo la pili, la manjano, akampa Nasteha aliweke juu ya kaunta.

"Mwambie daktari mimi si mjinga. Mtu mwenye anajipaka ndio mtoto asipakwe, huyo anajua kitu. Anaweza kuniambia, ama aendelee kung'aa."

Kioo cha kaunta kilikuwa nyuma yake, na juu yake kulikuwa na kopo, na upande wa pili mteja. Boaz aligeuka. Hakumtazama mama mkwe. Alilitazama kopo tu, na mikono yake, kwa mazoea ya miaka yote ile, ikalichukua, ikaligeuza nyuma, ikalisogeza karibu na miwani. Sauti yake ikarudi.

"Mwambie mteja kopo hii haina herufi ndogo. Kwa hivyo itabidi anisomee yeye. Ndani kuna nini?"

Mellen alijinyoosha. Hilo swali alilipenda. "Mwambie samli ya ng'ombe wangu, iliyochujwa mara mbili. Na zile vipande nyeupe za mzee wa soko ya Rangwe, mwenye anatoa vitu ng'ambo ya mpaka. Na ile unga ya kupoza, kijiko moja."

"Mwambie mteja samli ni safi, na amechuja vizuri, hata naona," Boaz alisema. "Lakini zile vipande ni kafuri. Zinapita kwa ngozi zinaingia kwa damu. Mtu mkubwa anaweza kubeba. Mtoto wa miezi tatu hawezi. Inaweza kumletea degedege. Na ile ya kupoza inaweza kumfungia pumzi. Mtoto mdogo hafai kupakwa hizo hata kidogo, si kifua, si utosi."

Nasteha hakurudia. Hakukuwa na haja, na tabasamu lilikuwa limetoweka usoni mwake.

"Mwambie nimepaka watoto saba," Mellen alisema, safari hii polepole. "Watano wangu na wawili wa wakubwa wao. Wote wako hai."

Boaz alijua pale ndipo mtu hushinda mabishano na kupoteza mama mkwe. Akalishusha kopo.

"Mwambie mteja naamini. Lakini namuuliza. Hao saba, walipakwa hii, ama walipakwa samli peke yake?"

Nje, makanga wa stendi walikuwa wanaita abiria wa Homa Bay. Mellen alihesabu kwa vidole, polepole, midomo ikitembea, kisha vidole vikasimama.

"Samli," alisema, na hakusema mwambie. "Mama yangu alinionyesha samli tu. Hizo vipande nilianza mwaka juzi, magoti iliponisumbua. Yule mzee akasema hata mtoto, inafukuza kikohozi." Akavitazama vidole vyake. "Hizo nilipaka mmoja tu, nje ya hao saba. Mjukuu wa Milka, alipoletwa nyumbani. Alikuwa akishtukashtuka akilala. Akatapika siku mbili. Tukasema ni meno."

"Sasa ako wapi?" Nasteha akauliza kwa sauti ndogo.

"Ako hapa Oruba. Jana alikuwa anafukuza bata ya majirani." Mellen aliishika mikono yake miwili pajani, mmoja juu ya mwingine, kama anaizuia isiende mahali. "Mungu wangu. Na mimi ndio nilikuwa nimemshika."

Boaz aliitazama mikono hiyo, na moyo ukamuuma kwa namna ambayo hakuitegemea. Siku zote alikuwa ameogopa hasira ya huyu mama. Hakuwahi kufikiria kwamba angeogopa pamoja naye.

"Nasteha, mwambie mteja kosa si la mikono yake. Mwenye kuuza hakumwambia. Hakuna mtu alimwambia."

"Hata daktari hakuniambia," Mellen akajibu haraka, na ukali ukamrudia kidogo, jambo ambalo lilimfariji kila mtu. "Muulize mbona hakuniambia siku ya kwanza."

"Mwambie... mwambie daktari ni mkwe."

Mellen aliitazama kalenda ya ukutani, akapumua.

"Mwambie mkwe anakaa nyumbani. Hapa ni kemisti. Nimepanga laini kama watu wengine, nimengojea zamu yangu. Sikuja kwa mkwe. Nimekuja kwa daktari."

Nasteha alifungua mdomo apeleke ujumbe, akaona Boaz amevua miwani na anaifuta kwa koti bila sababu, akaamua kumimina chai.

Mellen aliondoka na kopo dogo la mafuta ya mgando yasiyo na harufu, baada ya Boaz kumsomea herufi ndogo zote na yeye kuzikubali moja baada ya nyingine. Alilipa kama mteja yeyote na alikataa katakata kupunguziwa bei. Mlangoni aligeuka nusu.

"Mwanangu, mwambie daktari awache kujipaka. Mwanaume mzima ananuka hivyo."

Jioni hiyo Boaz alioga mara tatu, akajisugua kwa dodoki mpaka Terry akamwonea huruma, akanuswa kuanzia utosini hadi kidole cha mguu, akapasishwa. Kisha akaketi kitandani na kumlaza Edith kifuani, tumbo kwa tumbo. Mtoto alimtemea mate, akalala. Boaz alikaa vivyo hivyo mpaka mgongo ukamuuma na hakutaka kusogea.

Jumatatu ikafika. Terry aliondoka mapema, akiwa amebeba vitabu na machozi ya kumwacha mtoto, na Boaz akabaki kumsubiri mama mkwe. Safari hii hakuwa na njia ya kutorokea uani, kwani mtoto alikuwa mikononi mwake. Mlango ukabishwa. Akaufungua, akatazama pembeni kwa heshima.

Mellen hakuingia. Alisimama nje ya kizingiti, mikono ameificha nyuma ya mgongo, na upepo ukaleta ndani harufu ambayo Boaz angeitambua hata akiwa amelala. Asubuhi ile baridi ilikuwa kali, magoti yalikuwa yamemlilia, na mkono wa mazoea ulikuwa umeingia kwenye kopo lake la magoti kabla kichwa hakijaamka. Alikuwa amegundua akiwa nusu ya njia, na alikuwa ametembea nusu iliyobaki akijitukana.

Edith alipomwona nyanya yake alirusha miguu na kunyoosha mikono yote miwili. Mellen alirudi hatua moja nyuma. Uso wake ulikunjamana kwa uchungu wa wazi kabisa, naye Boaz, aliyekuwa amekaa na uchungu huo huo tangu Jumatano hadi Jumamosi, alijua anahisi nini hasa.

Nasteha hakuwepo wa kupeleka maneno. Hapakuwa na mtu mwingine ila mmoja tu.

"Edith," Mellen akamwambia mjukuu wake, akijiita dani kama nyanya wa Kijaluo aitwavyo, macho yakiwa kwenye mashavu yale, "mwambie daktari dani amepaka magoti. Aniletee maji na sabuni hapa nje. Sitakushika mpaka ninawe, na yeye anuse mikono."

"Edith," Boaz akasema, "mwambie dani maji inakuja. Na umwambie asante."

Edith aliwatazama kwa zamu, mmoja na mwenzake, akapiga chafya. Mellen alinawa pale kizingitini mara tatu, hadi viwiko, akabadilisha leso, kisha akanyoosha mikono mbele na kungoja, bila kumtazama mkwewe, apitishwe. Boaz aliinama, akainusa mikono ile kwa mbali.

"Edith, mwambie dani amefaulu."

Akamlaza mtoto kwenye kiti, kwa kuwa mkwe na maro hawapokezani mkono kwa mkono, akarudi nyuma hatua mbili. Mellen akamnyanyua, akamkumbatia, akamnusa kichwani. Mtoto hakunuka chochote ila maziwa.

"Siku nne," Mellen akamwambia mtoto, akimtikisa taratibu. "Baba yako alikaa hivi siku nne."

Boaz alichukua viatu vyake. Alianza kuelekea mlango wa nyuma, kisha akavivaa pale pale na kutokea wa mbele.